Asiyesikia Naye Ana Haki ya Mawaidha



Akina mama na ndugu zetu katika imani, juma hili twataka kuzungumzia haki ya mtu aliyemo katika nyumba zetu nyingi, naye ni yule asiyesikia.

Tulikaribishwa na jamaa hapa Kililana baada ya Isha. Watoto walikuwa wameizunguka simu wakitazama video ya mawaidha. Walicheka, kisha wakanyamaza, mmoja wao akafuta machozi. Bibi yao, ambaye masikio yake yamedhoofika kwa utu uzima, akauliza, "Kasemani?" Akajibiwa, "Tutakwambia baadaye, bibi." Tulikaa hadi tukaaga, na hiyo baadaye haikufika. Lililotuuma zaidi ni kwamba sauti iliyotoka katika simu ile ilikuwa yetu.

Dawa ipo, nayo ni maandishi yapitayo chini ya picha, yaitwayo manukuu. Yasichanganywe na tarjuma. Tarjuma humfaa asiyejua lugha. Manukuu humfaa asiyesikia: huandika maneno ya msemaji kwa lugha yake ile ile, humtaja anayesema, na hueleza hata sauti zisizo maneno, kama vile adhana inapoadhiniwa au watu wanapocheka.

Zamani sinema hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa kati ya picha, na kiziwi akifuata sawa na wenzake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye akaachwa nje. Televisheni ya Marekani ilimrudishia maandishi mwaka 1972, katika kipindi cha mapishi. Hapa Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilizitaka televisheni ziweke lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Sheria ile ilivisemesha vituo. Sisi tunaorekodi darsa kwa simu tuna dhamana yetu mbele ya Mola.

Simu za leo zaweza kuandika zenyewe, lakini hukosea, hasa Kiswahili kinapochanganyika na Kiarabu. "Haifai" ikiandikwa "yafaa", haramu imegeuzwa halali. Basi anayerekodi na asome kila neno kabla ya kutuma. Mistari miwili yatosha, kwa herufi kubwa, ikae muda wa kusomeka, wala isifunike aya iliyoandikwa. Tukumbuke pia kuwa wapo viziwi wasiojua kusoma, ambao lugha yao ni ya ishara. Hao wahitaji mkalimani.

Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitafuta mafunzo. Baadaye alikuwa mwadhini Madina. Twajifunza hapo kwamba upungufu wa kiungo haumwondolei mtu haki yake ya elimu.

Sisi tumeazimia, inshaallah, kwamba darsa zetu hazitatoka tena bila maandishi. Nanyi, enyi akina mama, wafundisheni watoto kuisimamisha video na kumweleza bibi palepale, kabla kicheko hakijapoa. Naye ni katika waliokusanyika.

Wabillahi tawfiq.