Gudroni ya farmasi si gudroni ya barabara

Juma hili tunaanza kwa kuomba samahani.

Katika mkutano wetu wa likelemba, mama mmoja alifungua kitambaa akatuonyesha kichwa. Magamba mazito yalikuwa yameshika kuanzia kwenye paji la uso hadi nyuma ya masikio, naye alikuwa amejikuna hadi damu. Kwa haraka tukamwambia: "Mama, kuna dawa ya gudroni, inasaidia." Tukaendelea kuhesabu makuta. Juma lililofuata alirudi na kidonda. Alikuwa ameokota gudroni kando ya barabara inayotengenezwa, akaiyeyusha pamoja na mawese, akajipaka. Kosa lilikuwa letu, sisi tunaofundisha watoto kila siku kwamba neno moja linaweza kuwa na maana mbili.

Ile ya barabara siku hizi hutoka katika mafuta ya petroli. Inaunguza, na kuibandua ni kubandua ngozi. Ile ya dawa hutoka katika makaa ya mawe: yakipashwa moto mkali ndani ya tanuru lisiloingiza hewa, yanatoa maji mazito meusi. Watengenezaji wa dawa huyasafisha, kisha huyatia kidogo tu ndani ya shampuu au pomada, mara nyingi kati ya 0,5 na 5 kwa mia. Kwenye karatasi yake huandikwa goudron de houille. Usikubali chupa isiyo na maandishi kwa sababu tu kilichomo ni cheusi na kinanuka. Na oili chafu ya gari, au unga mweusi wa betri za zamani, tuviache kabisa; hivyo ni sumu.

Dawa yenyewe inafanya nini? Ngozi yetu hujibadilisha polepole, karibu mwezi mzima. Kwa mwenye ugonjwa unaoitwa psoriasi, kazi hiyo inafanyika kwa siku chache tu, ndiyo maana magamba yanarundikana. Gudroni hupunguza mbio hizo na kutuliza mwasho. Inasaidia pia mba nzito. Lakini inadai uvumilivu wa majuma kadhaa, na haiondoi ugonjwa moja kwa moja.

Kwanza fungua misuko. Tunajua, misuko ina bei, lakini dawa inayobaki juu ya nywele haifiki kwenye ngozi. Pakaa shampuu hiyo kwenye ngozi ya kichwa, acha dakika 5 hadi 10 au kama karatasi inavyosema, halafu osha vizuri kwa maji mengi. Mara mbili kwa juma zinatosha kwa wengi. Itanuka, na itachafua mto na kitambaa cheupe, basi tumia vya zamani. Jua nalo ni la kuogopa, maana ngozi iliyopakwa huungua upesi. Mwaka 1925 daktari Goeckerman wa Marekani aliunganisha gudroni na mwanga maalum kutibu psoriasi, lakini hiyo ni kazi ya hospitali, si ya kukaa uani saa sita mchana.

Usiweke penye kidonda, usaha, karibu na macho wala sehemu za siri. Mtoto mchanga asipakwe, na mwenye mimba au anayenyonyesha amuulize kwanza infirmye.

Sisi walimu tunaona jambo lingine darasani: watoto wenye miduara kichwani, nywele zimekatika. Mara nyingi hicho ni choa. Kinaambukiza kwa kitana na kofia, na gudroni haikiponyeshi. Mtoto huyo anahitaji vidonge vya kunywa kwa majuma mengi, basi apelekwe kituo cha afya.

Mama yetu kidonda chake kimefunga. Infirmye alimtuma kwa daktari, akaambiwa ni psoriasi. Kwenye ngozi yetu nyeusi inaweza kuonekana ya zambarau au ya kijivu, si nyekundu kama kwenye picha za vitabu. Sasa ameanza shampuu ya kweli. Amekubali tuandike habari yake kwa sharti moja: tuseme wazi kwamba psoriasi haiambukizi. Siku ile alipofungua kitambaa, wawili kati yetu walisogeza viti.