Kitambi si cheo

Jamani wadau, hadi lini tutampongeza mtu kwa kuota kitambi? "Umenawiri bwana, mambo safi!" Safi wapi? Mafuta yanajaa kwenye ini na kongosho, insulini inazidiwa, sukari inapanda. Hiyo ndiyo aina ya pili ya kisukari (ile ya kwanza haisababishwi na unene, msiwasimange watoto wa watu).

Tena inarudi nyuma! Mwaka 2017 utafiti wa DiRECT wa Uingereza ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliosaidiwa kupunguza uzito walishuka chini ya kiwango cha kisukari ndani ya mwaka mmoja, bila vidonge.

Huku Bongo sasa. Pungua kilo tano tu, mtaa mzima unanong'ona kuwa umekanyaga waya. Mtu anaogopa maneno, anaagiza chipsi mayai nyingine.