Aliyepunguzwa Mfuko wa Chakula Anastahili Sahani Nusu

Mtu anayeiacha Barabara ya Nyerere na kuingia Kiwalani saa moja ya asubuhi huona mara moja jinsi wakazi wa huko wanavyoianza siku yao. Huku chapati zinageuzwa kikaangoni, kule supu inatokota katika sufuria kubwa, na kwa kuwa machinjio ya Vingunguti hayako mbali, utumbo na kongoro si vitu vya kutafutwa kwa taabu. Ikifika saa saba ya mchana mabenchi ya mama lishe hujaa mafundi, makuli, makarani na walimu. Jioni huwa zamu ya wakaanga chipsi na wachoma mishikaki. Katika mji ambao mfanyakazi huondoka kwake alfajiri na kurudi taa zimekwisha kuwashwa, kula nje si anasa hata kidogo. Huo ndio mlo wenyewe.

Mabenchi hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame leo, kwa sababu ameanza kuketi hapo mteja wa namna mpya. Huyu ni mwananchi aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, au aliyewekewa puto tumboni, ili uzito wake upungue. Wengi wetu hatumjui, na yeye mwenyewe aghalabu hapendi kujulikana.

Upasuaji huu si jambo la jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliufanya mwaka 1966, baada ya kuona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikuwa wakipungua na kubaki wamepungua. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyeutaka na mwenye uwezo alifunga safari ya India. Siku hizi huduma za kupunguza uzito zimesogea karibu. Hospitali ya Mloganzila, iliyowekwa chini ya Muhimbili mwaka 2018, ilitajwa sana magazetini mwaka 2023 kwa kuwawekea wananchi puto. Mkurugenzi wa Muhimbili wa wakati huo, Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alishika ukurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa Kanda ya Afrika, alizungumza hadharani juu ya ulaji mara nyingi hata jina lake likageuka kuwa mzaha wa mezani. Mtu akiongeza kijiko cha wali, jirani yake humtajia Profesa. Watu walicheka, lakini somo walilisikia.

Wala tusidhani kwamba wanaohusika ni wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao walikuwamo wenye kiribatumbo, ambao walifikia karibu asilimia 9 ya watu wote waliopimwa. Walimu wa umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio, na ile ya Chakula ni Uhai iliyofuata mwaka 1975. Siku zile hofu kuu ilikuwa upungufu. Leo mtaa mmoja unaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye kisukari kitokanacho na unene, na huenda wote wawili wanakula katika chungu kimoja.

Wapo wasemao kwamba mtu mnene ni mvivu, na kwamba angefunga mdomo wake asingehitaji kisu cha daktari. Maneno haya ni mepesi kuyatamka. Mwili uliozoea uzito mkubwa huutetea uzito huo. Mtu akijinyima, homoni za njaa hupanda na mwili hupunguza matumizi yake. Ndiyo maana wengi hupungua kwa miezi kadhaa kisha wakarudi walikotoka. Katika upasuaji ulioenea zaidi hivi sasa, daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, hukibakiza kijifuko chembamba mfano wa ndizi, na pamoja na sehemu iliyoondolewa huondoka pia sehemu kubwa ya chimbuko la homoni ya njaa. Upo na upasuaji wa namna nyingine, ambamo kijifuko kidogo huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Ama puto, hilo si upasuaji. Huingizwa kwa njia ya kinywa, hujazwa maji ya chumvi, na baada ya miezi sita au mwaka, kwa kadiri ya aina yake, hutolewa. Likitolewa, aliyekuwa nalo hubaki na tabia zake tu, ziwe njema au mbaya.

Kwa hiyo kazi ya daktari humalizika kwa saa chache, na iliyobaki, ambayo ni kubwa zaidi, hufanyika mezani kwa miaka yote ya maisha. Majuma ya mwanzo mgonjwa hunywa vitu vya majimaji, kisha hula vilivyopondwa, kisha vilaini, na hukaribia miezi miwili kabla hajarudi kwenye chakula cha kawaida. Hapo ndipo anaporudi kazini, na hapo ndipo anapokutana na benchi la Kiwalani.

Tumchukue mwalimu mmoja wa kufikirika. Kijifuko chake hakipokei zaidi ya nusu kikombe hivi kwa mara moja. Ameagizwa atafune sana, atumie dakika 20 au 30 kwa mlo, asinywe maji pamoja na chakula bali asubiri kama nusu saa, na aanze na chakula cha kujenga mwili kabla ya kugusa cha kutia nguvu. Mahitaji yake ya protini hayapungui gramu 60 kwa siku. Sasa atazame sahani anayoletewa: mlima wa wali au ugali, vipande viwili vya nyama pembeni, na mchicha wa kupamba tu. Desturi ya sahani yetu ni kinyume kabisa cha agizo alilopewa. Akianza na ugali kama tulivyozoea sote, tonge tatu zitamjaza, na nyama ataiacha. Akifanya hivyo kila siku, nywele zitaanza kunyonyoka na misuli kulegea, na watu watasema upasuaji umemdhuru.

Lakini si kweli kwamba Kiwalani hakuna chakula chake. Kipo, tena cha bei nafuu kuliko chipsi. Yai la kuchemsha linalouzwa na kijana mwenye ndoo lina protini gramu 6 hivi. Kipande cha samaki chenye uzito wa gramu 100 huvuka gramu 20, na akikipata cha mchuzi badala ya kilichokaushwa kwa mafuta ni bora zaidi. Maharage yaliyoiva vizuri, kunde, choroko, dagaa waliopikwa kwa nyanya, maini laini na mtindi usiotiwa sukari, vyote hivi vimo mtaani. Supu ni nzuri ikiwa mafuta yameenguliwa, ingawa wapenzi wa kongoro watanikasirikia. Nyama choma ngumu ndiyo ya kuogopwa, maana pande lisilotafunwa hukwama, na maumivu yake si ya kusimuliwa mbele ya chakula.

Adui mkubwa zaidi hana hata haja ya kutafunwa. Chupa moja ya soda huwa na sukari yapata vijiko 8 au 9 vya chai. Juisi ya miwa na chai ya maziwa yenye sukari tele zimo katika kundi hilo hilo. Kwa aliyeunganishwa kijifuko na utumbo, sukari hiyo huteremka kwa ghafla, na kabla ya nusu saa moyo hupiga mbio, jasho humtoka, kizunguzungu na tumbo la kuhara humshika. Yule ambaye hapatwi na hayo yumo katika hatari nyingine, kwani vinywaji vitamu hupita bila kumshibisha, na kwa mlango huo uzito hurudi kimyakimya. Pombe nayo humpanda upesi kuliko zamani. Mtu aliyezoea chupa tatu atashangaa kuiona moja ikimwangusha.

Nimeeleza ya tumboni kwa urefu, lakini naamini kinachowashinda wengi ni macho ya watu. Kwetu kula kidogo si jambo la mlaji peke yake. Mpishi huona amedharauliwa, mwenyeji huuliza kama chakula kina kasoro, na shangazi humwongezea mtu bila kumwuliza. Kuna na jambo zito zaidi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, kukonda kwa haraka kumebeba tafsiri moja vichwani mwetu. Aliyepunguzwa mfuko wa chakula hushuka uzito mbele ya macho ya ofisi nzima, na minong'ono huanza. Ili aizime, hujilazimisha kumaliza sahani hadharani, kisha huenda nyuma ya nyumba kutapika. Nani amemdhuru hapo, daktari au sisi?

Ajabu ni kwamba mila zetu zenyewe zina stara kwa mtu wa namna hii. Sinia la pilau, ambalo watu wanne au watano hulizunguka, halipimi nani amekula tonge ngapi. Mlaji wa pole pole humo hufichika. Sahani ya mtu mmoja mmoja ndiyo inayomfichua, na foleni ya mchana inayosimama mgongoni pake ikisubiri benchi ndiyo inayomkimbiza.

Ninalopendekeza si gumu. Mama lishe na wenye mikahawa waweke sahani nusu katika bei zao, waitangaze wazi, na mteja yeyote aruhusiwe kuiagiza pasipo kueleza sababu. Haifai kudai iuzwe kwa nusu ya bei kamili, kwani mkaa, pango na jasho la mpishi ni vile vile. Theluthi mbili ya bei ingekuwa haki kwa wote wawili. Aliye na kisukari ataifurahia, mzee ataifurahia, na hata mtumishi ambaye mshahara wake umekaribia kwisha. Mteja naye awe na haki ya kuomba mboga na samaki viwe vingi na wali uwe kidogo.

Wataalamu wa lishe nao wana sehemu yao. Mashauri mengi yaliyochapishwa nchi za nje humtajia mgonjwa vyakula ambavyo hajapata kuviona, wala havipatikani katika genge lolote la Kiwalani. Mgonjwa wa Temeke au Kinondoni aandikiwe dagaa, kunde na tembele kwa majina yake, na kipimo chake kiwe upawa na kikombe ambavyo mama lishe anavyo mkononi. Aandikiwe pia, kwa herufi kubwa, kwamba vidonge vya vitamini na madini ya chuma na ya chokaa havimwi kwa mwezi mmoja vikaachwa, na kwamba damu yake ipimwe kwa vipindi atakavyopangiwa, hata akijiona mzima.

Tubaki basi na ofisi zetu na shule zetu, ambako amri iko mikononi mwetu wenyewe. Chai ya saa nne ya walimu ni andazi na kikombe kilichokwisha kutiwa sukari katika birika. Semina za serikali huanza kwa sambusa na kumalizika kwa soda, na mapumziko ya mchana hubanwa ili ratiba iishe mapema. Mkuu wa shule anaweza kuagiza sukari iwekwe kando na mayai yawepo. Mwandaaji wa semina, anapoagiza chakula cha watu 40, anaweza kuandika kwenye hati ile ile maji ya kunywa, samaki au maharage, na sahani ndogo kwa watakaozitaka, na akaacha saa nzima ya kula badala ya dakika 30. Bajeti haitaongezeka kwa hayo, na huenda ikapungua.