Nani Achague Mizani?

Kila mvuvi wa pwani ya ziwa letu, tangu Kirumba hata Ukerewe na Muleba, ajua ya kuwa mizani ni neno kubwa. Samaki hutoka majini kwa jasho la usiku kucha, lakini thamani yake huamuliwa pale anapotundikwa. Sasa mnunuzi akija asubuhi na mizani mpya aliyoichagua yeye peke yake, wavuvi watasema nini? Huenda mizani ile ni ya kweli, wala haina hila hata kidogo. Hata hivyo watanung'unika, na si kwa ubaya wa moyo, ila kwa sababu aliyeichagua ndiye mwenye faida katika kupima. Kwa ajili hiyo Serikali imeweka Wakala wa Vipimo, asiye mnunuzi wala muuzaji, aikague mizani na kuitia alama kabla haijatumika sokoni.

Leo nataka kunena habari ya mizani nyingine, iliyo kuu kuliko zote katika nchi, yaani kiti cha Jaji Mkuu. Neno langu ni moja. Kiti hicho hakifai kujazwa na mtu mmoja peke yake, katika miezi ya mwisho kabla ya uchaguzi, naye mtu huyo akiwa mmoja wa wanaoshindana katika uchaguzi huo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu Tanzania mwaka 2025, na tusiponyoosha njia mapema itakuwa hivyo tena.

Tuyapange mambo yenyewe kwa taratibu. Mwezi Januari 2017 Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alistaafu. Profesa Ibrahim Hamis Juma akawekwa kuwa kaimu, akakaa katika hali hiyo karibu miezi minane, hata Septemba alipoteuliwa kamili. Juni 2023 akatimiza miaka 65, ambayo ndiyo umri wa Jaji wa Rufani kustaafu kwa mujibu wa Katiba. Rais Samia Suluhu Hassan akamwongezea muda. Muda huo ulikwisha Juni 2025, na mwezi ule ule Rais akamteua Jaji George Masaju kushika kiti. Kura zilikuwa tarehe 29 Oktoba 2025. Basi, tangu kiapo cha Jaji Mkuu mpya hata siku ya kura haikutimia miezi mitano, na chama cha Rais kilikuwa kimekwisha kumtaja Rais kuwa mgombea wake tangu Januari ya mwaka huo.

Sisemi kwamba sheria ilivunjwa. Ibara ya 118 ya Katiba yampa Rais uwezo wa kumteua Jaji Mkuu, wala haimlazimu kumwuliza mtu. Kwa majaji wa Mahakama Kuu Rais hushauriana kwanza na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa majaji wa Rufani hushauriana na Jaji Mkuu. Lakini kwa Jaji Mkuu mwenyewe, aliye juu ya hao wote, hakuna shauri linalotakiwa. Tazameni ajabu hiyo: kadiri kiti kinavyokuwa kikubwa, ndivyo wanaoulizwa wanavyopungua!

Wala simshtaki Jaji Masaju. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 2015 hata 2018, kisha akawa jaji, hata akafika Mahakama ya Rufani. Si haki kumhukumu mtu kwa siku aliyoitwa kazini. Lawama yangu ni juu ya njia, kwa kuwa njia iliyo mbaya humchafua hata mtu mwema apitaye juu yake.

Tena tukumbuke kwamba nafasi hii haikuja kwa ghafula. Kifo huja bila kubisha hodi, lakini umri wa kustaafu hujulikana miaka mingi mbele. Kama kiti kingalijazwa Juni 2023, Jaji Mkuu mpya angalikuwa na miaka miwili na zaidi ya kujulikana kwa kazi yake kabla ya kura. Kule kuongeza muda ndiko kulikoisogeza siku ya uteuzi mpaka ndani ya mwaka wa uchaguzi. Sijui moyo wa mtu, wala simpi mtu nia mbaya. Lakini mwenye uwezo wa kuongeza muda na kuteua pia ndiye mwenye uwezo wa kuchagua msimu, na uwezo huo ni mkubwa mno kuwa mkononi mwa mgombea.

Labda msomaji mmoja wa Sengerema au Geita atauliza, Mimi ni mkulima wa mihogo na pamba; Jaji Mkuu ananihusu nini? Yanakuhusu sana, ndugu yangu. Palikuwa na mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mtu wa ukoo akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ikasema kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Shauri likapanda hata Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila ile inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Jaji mmoja asiyeogopa aliwafungulia mlango binti wengi.

Na mfano wa pili ni wa uchaguzi wenyewe. Mwaka 2000 Bwana Julius Ndyanabo aligombea ubunge wa Nkenge, mkoani Kagera, akashindwa. Alipotaka kupeleka malalamiko mahakamani, sheria ilimdai aweke kwanza dhamana ya shilingi 5,000,000. Akaipinga sheria ile mpaka Mahakama ya Rufani, na Februari 2002 Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake wakaibatilisha, kwa kuwa iliwafungia maskini mlango wa haki. Basi mambo haya si ya wakubwa wa Dodoma peke yao. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti wa Tume inayoshauri ni nani wawe majaji wa Mahakama Kuu, na ndiye amwapishaye Rais. Kiti chake kikitiliwa shaka, shaka hiyo hushuka ngazi kwa ngazi hata mahakama ya kijijini.

Mwingine atasema, Lakini kwetu mahakama haiulizwi habari ya kura za Rais, basi tarehe ya kumteua Jaji Mkuu yadhuru nini? Ni kweli kwamba Ibara ya 41(7) yakataza mahakama yo yote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Julai 2020, katika shauri la Bwana Jebra Kambole, kwamba katazo hilo ni kinyume cha Mkataba wa Afrika. Hata hivyo uchaguzi wa 2025 ulifika katazo likiwa bado mahali pake. Lakini mashauri ya ubunge yako mahakamani, na mashauri ya wagombea kabla ya kura yako mahakamani pia. Septemba 2025 Mahakama Kuu huko Dodoma iliamuru fomu za Bwana Luhaga Mpina, mtu wa Kisesa mkoani Simiyu, zipokewe ili agombee urais. Na baada ya siku chache Tume ya Uchaguzi ikamwengua tena kwa pingamizi jipya. Je, katika msimu kama huo, si lazima kila upande uwe na hakika kwamba mkuu wa mahakama hakuwekwa na upande mmoja?

Wa tatu atasema, Je, kiti kikae kitupu kungoja uchaguzi upite? Hasha! Kiti kitupu ni hatari, na ukaimu wa muda mrefu ni hatari pia, kwa maana kaimu ni mtu anayetazamwa kila siku na yule atakayemthibitisha. Dawa ni kujaza mapema, na kujaza mbele ya macho ya watu. Tutazame jirani zetu wawili tunaoshiriki nao ziwa hili.

Katika Kenya, Jaji Mkuu Willy Mutunga aliondoka kitini Juni 2016, kabla ya wakati wake kwisha, ili mrithi wake apate nafasi ya kujiandaa kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Tume ya Mahakama ikatangaza nafasi, ikawahoji waombaji hadharani nchi nzima ikitazama, Bunge likaridhia, na Oktoba 2016 Jaji David Maraga akaapishwa. Rais Uhuru Kenyatta ndiye aliyetia sahihi uteuzi huo. Lakini tarehe 1 Septemba 2017 mahakama ya Maraga iliufuta ushindi wa Rais huyo huyo, kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Jaji aliyepita katika mlango ulio wazi hana deni kwa mtu.

Katika Uganda, Jaji Mkuu Bart Katureebe alistaafu Juni 2020. Alfonse Owiny-Dollo akaapishwa Agosti, miezi mitano kabla ya uchaguzi wa Januari 2021. Huyu alikuwa mmoja wa mawakili wa Rais Museveni katika kesi ya uchaguzi wa 2006. Basi Robert Kyagulanyi, aitwaye Bobi Wine, alipopeleka malalamiko yake Februari 2021, alimtaka Jaji Mkuu ajitoe katika shauri, naye akakataa. Kyagulanyi akaliondoa shauri lake mahakamani. Hatuwezi kujua mahakama ingaliamua nini. Lakini twajua kwamba mlalamikaji aliiacha mizani kabla ya kupima, na nchi ikakosa jibu.

Wala tusidhani kwamba ni sisi Waafrika peke yetu. Huko Marekani jaji Antonin Scalia alifariki Februari 2016. Rais Obama akamtaja mrithi mwezi Machi, lakini Seneti ikakataa hata kumsikiliza, ikisema uchaguzi u karibu. Septemba 2020 jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki, na Seneti iliyoongozwa na chama kile kile ikampitisha mrithi wake tarehe 26 Oktoba, siku nane tu kabla ya uchaguzi. Kanuni inayogeuka kwa kufuata faida si kanuni.

Turudi nyumbani. Baada ya tarehe 29 Oktoba 2025 palikuwa na ghasia na vifo katika miji kadhaa, Mwanza ukiwamo. Sisemi kwamba uteuzi wa Juni ulileta hayo. Lakini angalieni Serikali ilipotafuta watu wa kuchunguza msiba ule: mwenyekiti wa Tume akawa Jaji Mkuu mstaafu Othman, na Profesa Juma akawa mjumbe. Siku ya shida nchi hukimbilia majaji ili iaminiwe. Imani hiyo haichotwi siku ya kiu. Ni lazima iwe imekwisha kuwekwa akiba mapema.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, sheria iseme kwamba kiti cha Jaji Mkuu kijazwe si chini ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, na umri wa kustaafu usiongezwe kamwe kwa mwenye kiti hicho. Ikiwa kifo kitakiacha wazi karibu na kura, jaji wa Rufani aliye mkongwe kuliko wote ashike kazi hata uchaguzi upite, bila kuchaguliwa na mtu. Pili, Tume ya Mahakama itangaze nafasi, iwahoji watu hadharani, impe Rais majina matatu, na Bunge liridhie. Tatu, katazo la Ibara ya 41(7) liondolewe. Tume ya Jaji Joseph Warioba, mzee wetu wa Bunda, ilipotoa Rasimu mwaka 2013 ilikwisha kupendekeza matokeo ya Rais yaweze kupingwa katika Mahakama ya Juu.

Katika kampeni za 2025 tuliahidiwa kwamba safari ya Katiba Mpya itaanzishwa. Basi tusingoje kuulizwa. Mbunge akija kijijini, aulizwe habari ya Jaji Mkuu kama anavyoulizwa habari ya kisima na barabara. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, na uchaguzi mwingine ni mwaka 2030. Wakati wa kuitia mizani alama ni sasa, soko likiwa bado limefungwa.