Fomu isiyosomeka

Jamani, nimechoka na matangazo ya kazi yanayomalizia na "watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi." Juzi rafiki yangu asiyeona alijaribu kujaza fomu ya kazi ya namna hiyo mtandaoni. NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ikawa inamwambia tu kuna kisanduku, kisanduku kingine, kisanduku kingine. Cha jina ni kipi? Mwishoni akatakiwa aandike herufi zilizo kwenye picha, eti athibitishe kuwa ni binadamu!

Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inampa haki ya kupata habari. Lakini fomu ile haikuandikwa na Bunge. Iliandikwa na mwanaprogramu kama mimi, aliyeona uvivu kuongeza lebo, mstari mmoja tu wa HTML kwa kila kisanduku. Nami nimewahi kufanya hivyo. Jioni hii nazirekebisha zangu.