Mapumziko hemani: jiko libaki nje

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya mapumziko mafupi ya mke na mume. Wengi wetu tukitoka kazini tunaingia jikoni, na mwaka unakwisha hatujakaa na waume zetu saa mbili bila kukatizwa. Siku hizi kuna kambi zenye mahema makubwa yaliyo na kitanda, blanketi na bafu, na chakula unapikiwa. Na zipo familia zinazosafiri huko kwa gari la umeme.

Tuchukue mfano wa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Gari dogo la umeme hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Mkiteremka Bonde la Ufa, gari likipunguza mwendo, mota yake hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kurudi ni kupanda, kwa hiyo betri ijazwe kabla ya kuondoka. Soketi ya kawaida huweza kutoa kama uniti 20 kwa usiku mmoja. Kabla ya kulipia hema, ulizeni kama kambi inaruhusu kuchaji, maana umeme wa jua wa taa tu hautatosha. Msitumie waya mwembamba wa kuongezea. Unaweza kushika moto.

Mkifika, tembeeni pamoja. Katika mbuga ya Hell's Gate, iliyoanzishwa 1984, watu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Hapo jirani ni Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981. Jioni msizurure ukingoni mwa ziwa, kwani viboko hutoka majini usiku kula nyasi.

Sasa jambo ambalo sisi wauguzi hatuwezi kulinyamazia. Usiku wa Naivasha una baridi, na mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa hemani. Msifanye hivyo kamwe, hata kama makaa yamebaki majivu mekundu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kuishiwa nguvu. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wamo hatarini zaidi.

Mkiona dalili hizo, tokeni nje mara moja, kisha nendeni hospitali mpewe oksijeni, hata kama mnajisikia nafuu. Ili kupata joto, jazeni maji moto kwenye mpira wake uliofungwa vizuri, vaeni soksi, na ombeni blanketi la pili.

Watoto waacheni kwa nyanya yao kwa siku hizo mbili, na nambari ya simu ya kambi mmwachie. Kisha mzungumze na waume zenu mambo mengine, siyo karo na bei ya unga peke yake.