Shamba la Miti Si Msitu

Nakiri mapema: nimepanda miche mingi gazetini kuliko ardhini. Nimehudhuria hafla hizo Kasulu na Kibondo, nikapiga picha kiongozi kashika jembe, nikaandika "maelfu ya miche", nikaondoka. Sikuwahi kurudi Septemba kuhesabu iliyobaki.

Hebu tuulizane. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili Mosi. Huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Mei. Mche wa Aprili unapata wiki chache za mvua, kisha miezi ya jua kali na moto wa nyika. Huo ni upandaji au maziko?

Halafu tunaita shamba la misonobari "msitu". Sao Hill kule Mufindi, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, ni kazi ya kuheshimiwa; linatupa mbao na nguzo. Lakini ni shamba, kama la mahindi. Msonobari ukikatwa umekwisha, unaanza na mche mpya. Myombo ukikatwa, kisiki huchipua, maana mizizi bado iko hai. Kazi yetu ni kuzuia moto, kubakiza chipukizi imara na kusubiri. Wenzetu wa Shinyanga, chini ya mradi wa HASHI ulioanza 1986, walirudisha ngitili zao kwa njia hiyo: wakafunga eneo, miti ikarudi yenyewe.

Najua jibu litakalokuja: "Wakimbizi ndio wamemaliza misitu." Ni kweli, Nyarugusu imepikia kuni tangu 1996, na Nduta nayo ilipikia kuni. Lakini mkaa napikia mimi pia, na kitanda changu cha mninga hakikuagizwa na mkimbizi. Tusijifiche nyuma ya watu wasio na pa kwenda.

Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kunufaika nao. Pesa za mahema na maturubai ya hafla ziende huko: kupima mipaka, kulipa doria, kununua mizinga. Asali ya miyombo ya Kibondo haijawahi kuhitaji hotuba.

Nikialikwa tena, nitauliza swali moja tu kabla ya kuwasha kamera: miche ya mwaka jana iko wapi? Twendeni huko kwanza.